Vidonge Vilivyomwinua Mama

Mama yangu alikuwa mwanamke wa kufoka. Nalisema hilo kwa sifa, kwa sababu mimi nami nafoka, na watu wa mtaa wetu wa Kasongo waliponisikia nikigombana na muuza samaki hawakuhitaji kuuliza nimetoka tumbo gani. Alikuwa mtu wa kijiji cha Wamaza, Mbangubangu kwa kabila, aliyeolewa na mwungwana, Mwislamu wa mjini, akasilimu, akajifunza kupika wali kuwashinda wanawake waliozaliwa wakiula. Mawifi zake hawakumsamehe kwa hilo. Baba alipofariki walikuja kuomboleza, wakabaki kula, na mama akawaambia mbele ya sufuria kwamba wajane wengine huachiwa mashamba, yeye kaachiwa midomo.

Ugonjwa wa viungo ulimwanza kwenye vidole. Asubuhi moja alishindwa kufunga kikwembe chake kiunoni. Aliniita nimfungie, akacheka, akasema uzee umeanza kumtania. Hakuwa mzee. Baada ya hapo vifundo vya mikono vikavimba, vikawa vya moto ukivigusa, kisha magoti, kisha nyayo. Akawa anatembea kwa kushika ukuta, halafu akawa hatembei kabisa. Vidole vilijikunja vikalala upande mmoja, na kuvinyoosha ilikuwa kama kumchinja.

Tulijaribu kila kitu. Mafuta ya mawese yaliyochemshwa na majani, chale, kombe la mwalimu wa msikitini ambalo mama alilinywa lote mpaka tone la mwisho. Hakikubadilika kitu. Waliongezeka tu watu wenye ushauri, na kila mmoja alikuwa na shangazi aliyepona kwa dawa ambayo sisi hatukuwa nayo.

Ilikuwa miaka ya mwishomwisho ya Wabelgiji. Mume wangu alifanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Salamabila, akirudi pale tu msimamizi wake aliporidhika, nami nilikuwa nimejifungua mtoto wetu wa kwanza, msichana. Nikahamia kwa mama na kichanga changu. Tukawa watatu nyumbani: mmoja hawezi kutembea kwa sababu ya ugonjwa, mmoja hawezi kutembea kwa sababu ya udogo, na mimi katikati nikiwabeba wote wawili na kufoka.

Niseme wazi kilichokuwa kikimuua mama. Maumivu aliyazoea, au alijifanya kuyazoea. Alichoshindwa ni kuwa na mjukuu wake wa kwanza hapo mkekani na kutoweza kumnyanyua. Nilikuwa nikimlaza mtoto ubavuni kwake, naye anamwimbia, anamsimulia mambo ya Wamaza, anamtukana kwa mapenzi, lakini mtoto akilia hawezi kumshika. Alimsukuma kwa kiwiko kumbembeleza. Mtoto mwenyewe aliona ni mchezo, akacheka, na mama aligeuza uso ukutani.

Mtoto alipoanza kutambaa mambo yakawa mabaya zaidi. Siku moja nilikwenda mtoni kuteka maji, nikasikia kelele za mama tangu njiani. Niliacha ndoo ikamwagika yote. Nilipofika, jirani alikuwa ameshamnyakua mtoto karibu kabisa na mafiga, viganja vimejaa majivu, hana hata lengelenge. Mama alikuwa amejiburuta kutoka mkekani mpaka katikati ya chumba na hapo akakwama, shavu chini.

"Mutoto angeungua hapa mbele ya macho yangu," aliniambia nilipomwinua, "na mi niko naangalia tu, sawa jiwe. Afazali Mungu anichukue."

Alilia. Sikuwa nimemwona akilia hata siku ya kumzika baba. Nami nikamfokea, kwa sababu hiyo ndiyo njia yangu ya kulia, na tukakaa pale sakafuni sote watatu mpaka moto ukazimika.

Basi nilipopata habari kwamba kuna daktari Mbelgiji anayekuja kwa zamu katika dispensari moja ya barabara ya Kabambare, na kwamba ana dawa mpya ya viungo, sikuomba ushauri wa mtu. Niliazima baiskeli ya jirani, tukamketisha mama nyuma, tukamfunga kwa kikwembe ili asianguke, jirani akasukuma na mimi nikamshikilia mgongo, mtoto akiwa mgongoni kwangu. Kila shimo la barabarani mama alilitaja kwa jina baya.

Daktari alikuwa kijana, mwekundu wa jua, mpole wa mikono. Aliminya vifundo kimoja kimoja, naye mama alimtazama kwa dharau mpaka alipoona kwamba mtu huyu anajua pa kugusa. Alizungumza kupitia muuguzi wa kwetu aliyekuwa akitafsiri. Alisema dawa ipo, ni vidonge, inaweza kumsimamisha. Lakini ni dawa kali, haipewi mtu yeyote hivi hivi. Kwanza lazima aulize.

"Mama," muuguzi akasema, "munganga anauliza: ulishaka kukohoa wakati murefu? Kutema damu? Kukonda bila sababu?"

Mama aligeuza kichwa, akamtazama mtoto aliyekuwa akichungulia juu ya bega langu na kunyonya ncha ya kilemba changu. Nakumbuka mtazamo ule. Wakati huo nilidhani anatafuta huruma ya daktari, kumwonyesha kwamba yeye ni bibi wa mtu.

"Hapana," akasema.

Daktari alirudia. Muuguzi akatafsiri tena, kwa upole: "Hata zamani? Hata wakati ulikuwa kijana?"

"Hata siku moja. Mwambie mi niko mugonjwa ya mikono, haiko ya kifua."

Daktari akamsikiliza mgongo kwa mpira wake wa masikioni, akamwambia avute pumzi, aiachie. Mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili haikuwapo pale, na mama alipumua vizuri kama mtu mwingine yeyote. Wakampa vidonge.

Siwezi kueleza zile siku za kwanza bila kuonekana mwongo. Vilikuwa vidonge vidogo, vyeupe, vya kudharaulika. Mama alivimeza akisema kwamba kama Mzungu ametupa dawa ya minyoo atamrudishia. Baada ya siku chache tu niliamka nikakuta mkeka wake mtupu. Alikuwa uani, amesimama, ameshika nguzo ya jiko, anatetemeka magoti na anatabasamu peke yake. Nilipiga kigelegele mpaka majirani wakadhani kuna harusi.

Uvimbe ukashuka. Vidole havikunyooka vyote lakini vikashika. Alikamua nguo, akapepeta mchele, akaingia jikoni kwangu na kuanza kunisema: sufuria ina masizi, mwiko umechakaa, mafuta nimeyapikaje haya. Nilimwambia mwenye jiko amerudi, nilikuwa nimeazima tu. Siku aliyopika wali wake kwa mara ya kwanza tangu augue, mawifi zake walisikia harufu, wakaja, naye akawapakulia kwa mkono wake mwenyewe, polepole, sahani baada ya sahani, ili kila mmoja auone vizuri mkono ule.

Kisha akaninyang'anya mtoto.

"Nipe mutoto yangu," alisema. "We ulizaa tu, kulea haujui."

Kuanzia hapo sikuwa na mtoto tena isipokuwa wakati wa kunyonyesha. Mama alimfunga mgongoni asubuhi na kumfungua jioni. Alilala naye kitanda kimoja, uso kwa uso. Alimtafunia chakula kama wanawake wa kwao walivyofanya, kiazi kitamu, wali, kipande cha samaki, anakilainisha vizuri kinywani mwake kisha anakiweka katika kinywa cha mtoto kwa vile vidole vilivyorudi. Mtoto alifungua mdomo kabla ya kuitwa. Niliwaangalia nikaona wivu, na nikaona raha, na nilimshukuru yule daktari katika kila sala.

Uso wa mama ukawa mviringo, mashavu yakajaa. Daktari alikuwa ametuambia kwamba dawa hufanya hivyo, lakini mtaa ulikuwa na maelezo yake. Jirani mmoja alimpigia kelele kutoka ng'ambo ya ua: "Mama, uso inajaa raha! Unatafuta bwana mupya?"

"Nikitafuta sitachukua wa kwako," mama akamjibu. "Ule anakoroma mpaka huku."

Kikohozi kilipoanza hakuna aliyekijali. Kilikuwa kidogo, cha kusafisha koo. Mama alisema ni moshi. Kiangazi kilipokuja alisema ni vumbi, na kweli Kasongo nzima ilikuwa ikikohoa vumbi. Lakini mvua zikarudi, vumbi likalala, mama akaendelea kukohoa. Asubuhi nilikuta nguo zake za kulalia zimelowa jasho. Mikono yake ilikonda, mbavu zikaonekana, na juu ya mwili ule uliokwisha ukakaa ule uso wa mviringo, umenona. Uso ule ulitudanganya sote. Ukimtazama usoni uliona afya.

"Turudi kwa munganga," nikamwambia, kwa sababu tangu asimame vidonge nilimchukulia mimi kwa muuguzi, yeye hakurudi kule.

"Kufanya nini? Nikienda na kikohozi atanikataza dawa."

"Si atakupa nyingine?"

"Ya mikono iko moja tu," akasema, akamfunga mtoto mgongoni na kuondoka zake.

Nilidhani anaogopa kurudi mkekani. Ningemlaumu vipi? Mimi mwenyewe niliogopa.

Dada yake mkubwa alikuja kutoka Wamaza juu ya kamio, lori la pamba, na kikapu cha karanga kichwani. Habari za kupona kwa mama zilikuwa zimefika kule, naye alitaka kuona kwa macho. Nilimlaki uani kwa shangwe, nikampokea kikapu, na kabla hatujamaliza salamu mama akakohoa ndani ya nyumba. Kilikuwa kile kikohozi chake kirefu, chenye maji mwishoni.

Mama mkubwa aliachia mkono wangu.

"Mutoto iko wapi?" akauliza.

"Iko mu mugongo ya bibi yake. Ingia, mama mukubwa, ukae."

Hakukaa. Aliingia moja kwa moja, akamkuta mama akichambua mchele, akafungua fundo la kikwembe kifuani pa mdogo wake na kumtoa mtoto mgongoni, bila salamu, bila neno. Na mama, ambaye asingemwachia mtoto yule hata sultani, akainua mikono kumrahisishia. Walitazamana. Mimi nilisimama mlangoni. Nilifoka: kuna nini, mbona hamsemi, nyumba hii ni yangu pia.

Mama mkubwa akanivuta mpaka nyuma ya nyumba, kwenye mihogo, mtoto akiwa mikononi mwake.

"Ile ya zamani imerudia," akasema.

"Ya zamani gani? Sema jina!"

"Jina sisemi. We una mutoto."

Nikamvuta maneno moja moja. Mama alipokuwa msichana kule Wamaza, kabla ya matiti kuota vizuri, alikohoa. Alikohoa mpaka akatema damu. Watu wa kwao walimjengea kibanda chake mbali, pembeni ya shamba la mpunga, wakawa wanamwekea chakula juu ya jiwe na kurudi nyuma, naye anakuja kukichukua. Wengi waliowekwa namna hiyo hawakurudi. Mama alirudi. Mwili ulimjaa tena, kikohozi kikaisha, na ndipo wanawake wakubwa wa ukoo wakafanya yanayofanywa: wakachoma kibanda, wakavunja bakuli lake, wakamwogesha mtoni, wakamwambia sharti. Ugonjwa uliofukuzwa hautajwi tena na aliyeugua, wala na ndugu zake. Mtu akiutaja ameuita, na ukiitwa haumrudii yeye aliyekwisha kuushinda. Unaingia kwa aliye mdogo kuliko wote kati ya watu wake.

Baba hakuwahi kujua. Mimi sikuwahi kujua. Nilisimama katikati ya mihogo nikakumbuka dispensari, na muuguzi, na swali.

"Lakini munganga alimuuliza!" nikapiga kelele. "Alimuuliza mara mbili!"

"Wakati anauliza, mutoto alikuwa wapi?"

"Mu mugongo yangu."

Mama mkubwa alinitazama kwa macho mekundu. "Sasa ulitaka mama yako aseme nini?"

Siku hiyohiyo nilikwenda kwa daktari, na nilitaja kila kitu, jina la ugonjwa, kifua kikuu, damu, kibanda, jiwe la chakula. Nililitaja kwa sauti, kwa hasira, sikuogopa mizimu ya mtu. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, akafunika uso kwa kiganja. Halafu akaeleza, muuguzi akitafsiri taratibu ili nielewe. Ugonjwa ule haukuwa umeondoka. Ulikuwa umefungiwa ndani ya kifua miaka yote hiyo, na nguvu ya mwili wa mama ndiyo ililinda mlango. Nguvu hiyohiyo ilikuwa imekosea njia na kuanza kushambulia viungo. Vidonge viliilaza. Vidole vikapata nafuu, na mlango ukabaki bila mlinzi.

"Munganga anasema aliuliza," muuguzi akamalizia kwa sauti ya chini.

Aliuliza, ndiyo. Nilikuwa nimekuja nikitafuta mtu wa kumrarua, na hapakuwa na mtu. Kijana yule alikuwa amefanya kazi yake. Mama alikuwa amefanya kazi yake. Nilikaa kwenye benchi la dispensari na hasira isiyokuwa na pa kwenda.

Makohozi ya mama yalipimwa, na ugonjwa ulikuwa ni ule ule. Wakasema atahamia nyumba ya wakohoaji, nje ya mji, ambako watamchoma sindano kila siku kwa muda mrefu. Na vidonge vya viungo vitapunguzwa kidogo kidogo mpaka viishe. Mama alianza kupatana na daktari kana kwamba wako sokoni. Wampe sindano zao zote, hata za macho, lakini wamwachie vidonge nusu. Robo. Kimoja tu cha siku ya Ijumaa. "Wachukue kifua, waniachie mikono," aliniambia nimwambie. Nilikuwa najua mikono hiyo inamtaka nani.

"Mama, ukiendelea kumeza utakufa," nikasema.

"Nilishakufa pale mu mukeka, haukuniona?"

Hapo mama mkubwa, aliyekuwa pembeni, akasema neno moja tu: "Na mutoto?"

Mama akafungua pindo la kikwembe chake, alikofunga vidonge vya wiki ile, akavimimina kwenye kiganja cha muuguzi. Hata kimoja hakubakiza.

Daktari alikuwa ameniuliza kuhusu mtoto. Nilisema yuko sawa, ana joto kidogo tu, meno yanatoka. Akasema mlete kesho, na nikamleta kesho. Alikuwa mtoto wa kuvuta hereni za watu. Ukimkaribia tu unashika sikio lako. Asubuhi ile hakuvuta hereni ya mtu. Alimtazama daktari kama anayetazama kitu kilicho nyuma yake. Walimpokea palepale. Wakamchoma sindano nyembamba, na nyingine mgongoni, nikashika miguu yake. Muuguzi akaniambia ni ugonjwa ule ule wa bibi yake, umemfika kichwani. Mtoto akatapika maziwa. Shingo ikakakamaa, kichwa kikarudi nyuma, kilio chake kikabadilika kikawa chembamba, cha juu, hakifanani na chake. Kisha akalala usingizi ambao hata titi halikumwamsha. Maziwa yalinijaa mpaka nguo ikalowa. Nilimwita kwa majina yote ambayo bibi yake alimwita, hata yale ya matusi.

Alikata roho mchana, jua likiwa kali, mikononi mwangu. Nilimfokea Mungu kwa sauti mbele ya wagonjwa wote, na hakuna aliyenikataza.

Mume wangu alifika kutoka Salamabila tumeshazika. Katika matanga, mzee mmoja wa mtaani, mtu wa methali, alitikisa kichwa akasema, mficha maradhi kifo humuumbua. Niliinuka mahali nilipokuwa nimelala, nikamwendea. Nikamuuliza kifo kimemuumbua nani. Yule aliyeficha yu hai. Yule aliyekufa hajawahi kuficha kitu, hata meno yake machache aliyaonyesha kila mtu. Nikamwambia achukue methali yake atoke nayo uani kwetu. Wanaume walitaka kunishika, lakini mume wangu akasema mwacheni, na mzee akatoka.

Mama mkubwa na mimi tulikubaliana jambo moja: mama hataambiwa mpaka kifua kipone. Daktari mwenyewe alisema moyo ukivunjika mwili hauli, na mwili usiokula sindano haziusaidii. Kwa hiyo nilikuwa nikimpelekea chakula, nasimama nje ya uzio wa nyumba ya wakohoaji, naye analetwa barazani. Uso wake wa mviringo ulikuwa umekwisha, umerudi kuwa wa mifupa. Mikono ilikuwa ikifunga tena. Kila nilipokuja vidole vilikuwa vimekunjika zaidi, na mgonjwa mwenzake alimlisha kwa kijiko.

"Mutoto?" alikuwa akipiga kelele kutoka barazani, kabla ya salamu.

"Mzima!" nilimjibu kwa sauti.

Wagonjwa wenzake walijua. Kasongo si mji wa kuficha kifo. Kila nilipojibu waliinamisha vichwa, wakatazama miguu yao, na hakuna hata mmoja, katika miezi yote ile, aliyemwambia. Sijutii uongo ule, hata leo. Ulimlisha.

Mara moja aliniomba nimlete, amwone kwa mbali tu, asimguse. Nilisema daktari amekataza. Alifikiri kidogo, akatikisa kichwa kukubali.

"Kweli, asikuje. Hapa hewa ni mubaya kwa watoto."

Nilifika njiani nikaketi chini, barabarani. Nilikaa hapo mpaka kamio moja iliponipigia honi nikatoka.

Kifua kilipona. Sindano zilifanya kazi, daktari akafurahi, akamshika bega na kusema yeye ni mwanamke mwenye nguvu. Tulimrudisha nyumbani kwa kumbeba kwenye kiti, wanaume wanne, kwa sababu magoti nayo yalikuwa yamefunga kama zamani. Wanawake wa mtaa walijaa uani. Mawifi zake walikuwapo, kimya kwa mara ya kwanza tangu niwajue. Tukamketisha kwenye mkeka, nikamwekea mto mgongoni. Alisalimiwa na kila mtu, akaitikia, lakini macho yake yalikuwa yanazunguka chini, pale ambapo watoto hutambaa.

"Mutoto sasa anatembea," akasema kwa furaha. "Mumulete. Sitamugusa, nitamuona tu."

Hakuna aliyejongea. Mama mkubwa akanitazama. Nilipiga magoti mbele ya mama, nikamwambia. Nilimwambia kwa maneno machache, lini na kwa ugonjwa gani, maana nilikuwa nimeapa kwamba katika nyumba yetu hakuna ugonjwa utakaokosa jina tena.

Hakupiga kelele. Alitaka kufunika uso, kama mtu yeyote. Aliinua mikono, nayo ikaishia kifuani, haikufika. Alijaribu tena. Viwiko vilitetemeka, vidole vilivyokunjika vikagusa kidevu tu, na uso wake ukabaki wazi mbele ya wanawake wote, mdomo umefunguka, machozi yakimtiririka, na hana cha kujifichia.

Nikamfunika kwa mikono yangu.

"Mi nilinyamaza ju yake," alisema ndani ya viganja vyangu. "Ju yake tu."

Nilimwambia najua, alinyamaza kwa ajili ya mtoto. Nilikaa hivyo mpaka mikono ikafa ganzi, na wanawake wakaanza kuondoka mmoja mmoja bila kuaga.